Jiko la Kioo Jikoni mwa Usharika: Namna ya Kulisafisha na Kulitunza

Kwa kipindi sasa ofisi yetu ya miradi imekuwa ikipokea maombi yanayofanana kutoka kwa kamati za sharika. Jiko lenye uso wa kioo, ambalo usharika ulilinunua au ulipewa na marafiki, limeharibika, na kamati inaomba lingine. Tunapokwenda kulitazama, mara nyingi tunakuta jiko lenyewe linawaka vizuri. Kilichoharibika, au kinachoonekana kuharibika, ni kile kioo. Kimefifia, kina mikwaruzo, kina miviringo ya kijivu isiyotoka, au kina vishimo vidogo vidogo kama uso wa mtu aliyewahi kuugua ndui. Na tunapouliza jinsi kinavyosafishwa, tunajibiwa kwa fahari kwamba kinasuguliwa kila siku.

Hapo ndipo penye tatizo. Sufuria zetu tumezoea kuzisugua kwa majivu, mchanga au waya mpaka zing'ae, na mama anayejua kazi yake hutambulika kwa sufuria zake. Usafi huo huo ukihamishiwa kwenye kioo unakiharibu. Makala hii inaeleza kwa nini, na kifanyike nini badala yake, kwa sababu majiko haya yanaongezeka na yataendelea kuongezeka. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia 2024–2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Katika sharika zetu, majiko ya gesi na ya umeme yameanza kuingia kwenye nyumba za wachungaji, nyumba za wageni, na jiko dogo la ofisi ambalo zamani lilikuwa na birika na jiko la mafuta ya taa tu.

Kioo si kimoja

Jambo la kwanza ambalo kamati inapaswa kulijua ni kwamba majiko haya yana vioo vya aina mbili, na kinachovumiliwa na kimoja kinaweza kukivunja kingine.

Jiko la gesi la mezani, lile lenye kioo cheusi au chenye maua na mafiga ya chuma juu yake, limetengenezwa kwa kioo cha kawaida kilichokazwa kwa joto. Kiwandani kioo hicho hupashwa moto hadi kupita nyuzi 600 za Selsiasi, kisha hupozwa ghafla kwa upepo mkali. Sehemu ya nje huganda kwanza na ya ndani huchelewa, hivyo uso wa kioo hubaki umebanwa na kuwa mgumu kuliko kioo cha dirisha. Lakini nguvu ile iliyobanwa ndani ni kama mtego. Kikipasuka, hupasuka chote kwa mpigo na kuwa punje ndogo ndogo. Ndiyo maana watu husema jiko "limelipuka" ingawa gesi haikuhusika.

Jiko la umeme lenye uso laini usio na mafiga ni habari nyingine. Hicho ni kioo cha kauri. Mwaka 1953, katika maabara ya kampuni ya Corning huko Marekani, mkemia S. Donald Stookey aliweka kipande cha kioo kwenye tanuru akikusudia kukipasha hadi nyuzi 600. Kidhibiti cha tanuru kikakwama na joto likafika nyuzi 900. Badala ya kuyeyuka, kioo kiligeuka kuwa cheupe. Alipokitoa kwa koleo kilimponyoka, kikaanguka sakafuni na hakikuvunjika. Ndani yake zilikuwa zimeota fuwele ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Kutokana na ugunduzi huo vikapatikana vyombo vya kupikia, na mwaka 1971 kampuni ya Schott ya Mainz, Ujerumani, ikaleta sokoni kioo cheusi cha majiko ambacho ndicho baba wa haya tunayoyaona leo.

Kioo cha kauri karibu hakitanuki kabisa kinapopata joto, na ndiyo siri yake. Vioo hupasuka kwa sababu upande mmoja unatanuka na mwingine haujatanuka. Hiki kinaweza kuwa chekundu kwa moto, kikamwagiwa maji baridi, kisidhurike. Tena hakisambazi joto pembeni. Mahali pa kupikia panaweza kuwa pa moto wa kuunguza, na hatua ya kiganja kando yake pakawa vuguvugu tu. Hilo ni jema kwa mpishi na ni hatari kwa mtoto anayeegemea, kwa kuwa hakuna kinachomwonya.

Ila kustahimili joto si kustahimili kukwaruzwa. Chembe za mchanga wetu mwingi ni ngumu kuliko kioo cha aina yoyote kati ya hizi mbili. Majivu yana chembe za namna hiyo, hasa majivu ya pumba za mpunga. Waya wa kusugulia nao hukwaruza, na mbaya zaidi hubeba mchanga uliokwama ndani yake. Mkwaruzo mmoja hauonekani. Mia moja hufanya kioo kififie, na katika kila mkwaruzo huingia mafuta na uji wa jana, ambavyo kesho vitaungua humo na kudai kusuguliwa zaidi. Hivyo ndivyo jiko linavyozeeka kwa mwaka mmoja.

Sukari ndiyo adui mkubwa

Kama kuna jambo moja tungependa lisomwe hata na asiyemaliza makala hii, ni hili la sukari kwenye jiko la umeme la kioo cha kauri.

Chai ya maziwa iliyotiwa sukari ikichemka na kumwagika, au uji, jemu, shira ya kalimati au ya visheti, sukari ile huyeyuka na kushikamana na kioo kwa nguvu. Maadamu ni ya moto, ni laini. Inapopoa hujikunja na kupungua, lakini kioo chini yake hakipungui. Basi sukari inapojivuta hung'oa vipande vidogo vya kioo pamoja nayo. Vile vishimo tulivyovitaja mwanzo vimetokana na hilo, na hakuna dawa ya kuvirudisha.

Kwa hiyo kumwagika kwa sukari hakusubiri mpaka chakula kiive. Ondoa sufuria mara moja, zima jiko, funga mkono kwa kitambaa kinene au vaa glovu ya kuokea, na ukiwa na kikwangulio chenye wembe na mpini mrefu isukume sukari ingali ya moto kuelekea upande wa kioo ulio baridi. Yatakayobaki yafute kioo kikishapoa. Watoto wawe mbali. Ni kazi ya dakika moja, lakini ni lazima kikwangulio kiwe karibu, si kabatini kwenye chumba kingine. Sisi hushauri kitundikwe ukutani kando ya jiko.

Plastiki iliyoyeyuka na karatasi ya alumini hudhuru kwa namna inayofanana. Kuna wapishi wanaotandika karatasi ya alumini juu ya jiko ili lisichafuke. Kwenye jiko la gesi ni hatari, na kwenye kioo cha kauri karatasi hiyo inaweza kuyeyuka na kuganda pale pale isitoke tena. Usitandike kitu.

Kusafisha kila siku

Subiri kioo kipoe. Chukua kitambaa laini, safi, kilicholowa na kukamuliwa, chenye matone mawili au matatu ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Futa. Futa tena kwa kitambaa cha pili chenye maji matupu, kwa sababu sabuni iliyobaki huungua na kuacha utando wa rangi rangi. Kausha kwa kitambaa cha tatu. Vitambaa hivi visiwe vya kufutia sakafu wala vya kushikia sufuria. Tumeona jikoni mwa nyumba moja ya wageni vikitundikwa kwenye msumari wake chini ya kibao kilichoandikwa "VYA KIOO TU", na jiko lile lina miaka kadhaa bila mkwaruzo.

Mahali penye maji ya chumvi, kama sehemu nyingi za Dodoma na Singida, kioo hubaki na miviringo myeupe hata baada ya kufutwa. Siki nyeupe kidogo kwenye kitambaa huiondoa. Siki hiyo isikutane kamwe na jiki, kwani vikichanganyika hutoa hewa ya klorini inayodhuru mapafu. Na jiki yenyewe haina kazi kwenye jiko la kioo, wala dawa ya kusafishia madirisha yenye amonia, wala dawa kali ya kusafishia oveni. Mabaki yake yakipashwa moto huacha madoa ya kudumu.

Uchafu ulioungua na kuganda unahitaji subira, hauhitaji nguvu. Changanya bikaboneti ya soda, ile inayotiwa kwenye keki, na maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito. Paka, funika kwa kitambaa kilicholowa, uache nusu saa. Futa. Kama ni kioo cha kauri na bado pamebaki kitu, tumia wembe mpya usio na kutu ukiwa kwenye mpini wake, ukiulaza karibu na kioo na kuusukuma mbele, wala usiusimamishe kwa ncha. Kwenye kioo cha jiko la gesi usitumie wembe, maana utachubua michoro na rangi. Rudia kupaka bikaboneti hata mara tatu. Na magadi yale ya kulainishia maharage na kisamvu si bikaboneti, tafadhali. Ni makali zaidi na mara nyingi yana mchanga ndani.

Miviringo ya kijivu tuliyoitaja si mikwaruzo hata kidogo. Katika usharika mmoja kamati ilikuwa imekwisha kuandika katika muhtasari wa kikao kwamba jiko la nyumba ya wageni libadilishwe kwa sababu "kioo kimekwaruzika chote", na barua kwa wafadhili ilikuwa tayari ikisubiri saini. Ulikuwa ni unga wa alumini kutoka kwenye makalio ya sufuria. Alumini ni laini kuliko kioo, hivyo sufuria ikiburutwa ni yenyewe inayochubuka na kuacha alama, kama chaki ubaoni. Siki, bikaboneti na robo saa vilitosha, na barua haikutumwa. Namna ya kutambua ni rahisi. Pitisha ukucha juu ya alama. Ukucha ukikwama ni mkwaruzo, ukipita bila kukwama ni alumini. Lakini isiachwe wiki nyingi, kwa kuwa kila inapopashwa moto huzidi kushika.

Sufuria na ugali

Nusu ya utunzaji wa kioo iko kwenye sufuria. Sufuria iliyotoka kwenye jiko la mkaa au mafiga matatu ina masizi na chembe za mchanga chini yake, na ikiwekwa juu ya kioo kisha ikazungushwa hufanya kazi ya msasa. Jiko la kioo liwe na sufuria zake zisizokwenda motoni pengine. Pia ziwe na makalio bapa. Sufuria zetu nyepesi hubinuka baada ya muda, zikawa zinayumba kama kibuyu. Weka rula chini ya sufuria. Ukiona mwanga kati ya rula na sufuria, chakula kitachelewa kuiva na umeme utaliwa bure. Jiko la indaksheni halitawaka kabisa kwa sufuria ya alumini ya kawaida, kwa kuwa linahitaji chuma. Sumaku ikinasa chini ya sufuria, sufuria hiyo inafaa. Jiko la infraredi halichagui.

Kuhusu ugali tuseme ukweli. Ugali wa watu wanne au watano unasongwa vizuri juu ya jiko la kioo la umeme, mradi sufuria ni nzito, ina mpini, na mtu wa pili haihitajiki kuishikilia. Sufuria inyanyuliwe, isiburutwe, na mwiko usigongwe kwenye kioo ili kukung'uta unga. Ugali wa hosteli, wali wa kipaimara, maharage ya semina ya siku tatu, hivyo visipikwe hapo kabisa. Sufuria ya lita 20 iliyojaa hupita kilo 20, na mkono wa msongaji unaongeza uzito mwingine. Kwa mapishi hayo kuna majiko makubwa ya gesi ya chuma yaliyosimama sakafuni, na kamati inayotaka kuachana na kuni za hosteli iyaulizie hayo.

Jiko la gesi: kofia na kingo

Kwenye jiko la gesi la kioo hatari kubwa si mikwaruzo. Ni joto kubanwa chini ya sufuria kubwa mno, inayofunika moto na kuurudisha kwenye kioo, au moto wenyewe kuwaka chini ya kioo. Hili la pili hutokana na usafi. Mpishi anavua kofia za vichomeo, anaziosha vizuri, kisha anazirudisha zikiwa zimekaa upande au zina maji kwenye matundu. Gesi hutafuta njia nyingine na kuwaka ndani, na kioo hupata moto kutoka chini hadi kinapasuka.

Basi kabla ya kusafisha, funga gesi kwenye mtungi. Acha kioo kipoe kabisa, kwa sababu kitambaa cha maji baridi juu ya kioo hiki kikiwa cha moto kinaweza kukivunja. Osha kofia, zikaushe, zibua matundu kwa sindano au kijiti, zirudishe zikae sawasawa bila kucheza. Washa utazame. Moto uwe wa buluu na uzunguke kofia yote. Ukiwa wa manjano na kuacha masizi, au ukisikika ukivuma chini, zima na uanze upya. Kisha pitisha macho kwenye kingo za kioo. Pembe iliyomeguka hata kidogo ndipo mtego wote huanza kufyatuka, nyakati nyingine usiku jiko likiwa baridi na hakuna aliyeligusa.

Umeme ukikatika, kioo kikipasuka

Majiko mengi ya umeme yana taa ndogo inayoonyesha kwamba kioo bado ni cha moto. LUKU ikiisha au umeme ukikatika, taa ile huzimika lakini joto halizimiki. Wapishi wafundishwe kuhesabu nusu saa, wasitegemee taa. Majiko madogo ya indaksheni na infraredi yana feni ndani inayoendelea kuzunguka baada ya kupika, kwa hiyo yasichomolewe ukutani mara tu chakula kinapoiva. Matundu ya feni yako chini au nyuma, na mende hupapenda kwa sababu ya joto. Yapigwe brashi kavu kila mwezi.

Kioo cha jiko la umeme kikipata ufa, hata mwembamba kama unywele, jiko limestaafu mpaka kibadilishwe. Maji au mchuzi ukipita kwenye ufa hufika kwenye umeme. Zima kwenye swichi ya ukutani au swichi kuu, usiguse kioo, ita fundi. Kuziba kwa gundi au utepe hakukubaliki, na tukikuta jiko la namna hiyo tunalifungia.

Kwa kamati na kwa wafadhili

Kamati inapoandika andiko la mradi, tunaomba bajeti isitaje jiko peke yake. Iwe na sufuria mbili au tatu bapa zenye mifuniko, vitambaa, kikwangulio na nyembe zake, na malipo ya fundi. Iseme pia nani anayewajibika na jiko hilo kwa cheo chake, kwani jiko la "akina mama wote" hatukuwahi kuliona likifika mwaka wa pili likiwa na kioo kizima.

Kwa marafiki zetu walioko Ujerumani na nchi za Nordic, ambao hutuma majiko yaliyotumika kwenye makontena, tunashukuru, na tunaomba mambo matatu. Jiko la vichomeo vinne lenye oveni haliwezi kuchomekwa kwenye soketi ya ukutani. Linahitaji waya wake mnene na fundi umeme mwenye leseni, na mara nyingi limeundwa kwa umeme wa njia tatu ambao nyumba ya mchungaji haina. Tujulishwe mapema namba ya modeli ili fundi apime kabla mzigo haujaondoka bandarini kwenu. Pili, kioo kisafirishwe kimesimama, kingo zikiwa zimefungwa kwa sponji, wala kisilazwe chini ya magunia ya nguo. Tatu, kitabu cha maelekezo kisitupwe hata kama ni cha Kijerumani. Tunao wa kukitafsiri, na michoro yake hutusaidia kuagiza kipuri kinacholingana.

Sharika zinazotaka mpishi wao aonyeshwe haya kwa vitendo ziandikie ofisi kupitia mkuu wa jimbo. Somo linachukua asubuhi moja, na mpishi aje na sufuria anazozitumia.